Pakiti Kumi na Moja za Sukari

Kwenye kielelezo namba kumi na saba, Afisa Weng Shu-fen aliweka kikombe cha chai mezani na kuusoma mstari ule mara ya pili.

"Sukari nyeupe, pakiti za nusu kilo, idadi kumi na moja. Zilikutwa kwenye rafu ya jikoni nyumbani kwa mtuhumiwa. Zinadhaniwa ni za kugawia wapiga kura."

"Nani aliandika hili?" akauliza.

Mwendesha mashtaka Hsueh Po-kai hakuinua kichwa. Alikuwa na kalamu mkononi na ukurasa wa tatu wa ombi lake mbele yake. "Mwenzako uliyepokea faili lake. Amekwenda likizo ya uzazi, usianze kumtafuta."

"Nyumba kwenye orodha ni ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na sukari kumi na moja."

"Moja ameshaigawa, Dada Weng. Rushwa huwa inagawiwa, haikai rafuni kama picha ya babu."

Weng hakucheka. Faili lilikuwa mikononi mwake kwa siku tatu tu, na muda uliobaki ulikuwa mfupi kuliko huo. Diwani Ting Yueh-o alikuwa amekaa mahabusu siku hamsini na tisa. Kesho saa sita mchana miezi miwili ingetimia, na ombi lililokuwa chini ya kalamu ya Hsueh lilikuwa la kumwongezea miwili mingine. Akiongezewa, wakili wake angeweza kumsajili kugombea umeya wa mji wa Hewei, lakini kampeni ingefanyika yeye akiwa ndani. Ushindi ungekwenda kwingine, na jina la Ting lingebaki kuwa jina la mnunua kura.

Jina hilo si dogo kwetu pwani hii. Ting ni binti wa wapasua chaza, na kovu la kisu analo kwenye kiganja cha kushoto mpaka leo. Uchaguzi wake wa kwanza alishindwa kwa kura arobaini na moja. Kesho yake asubuhi alipanda nyuma ya lori na kipaza sauti akazunguka mji mzima kuwashukuru watu, wakiwemo waliomkataa, na wengi waliomkataa waliona haya. Baada ya hapo alishinda vipindi vitatu mfululizo. Alishtakiwa mara moja, alipolala barabarani kuzuia malori yaliyokuwa yakimwaga masalia ya tanuri za kiwanda kwenye mabwawa ya samaki ya zamani. Mahakama ilimwachia na malori hayakurudi. Safari hii polisi walipomfuata, alikunjua mikono mwenyewe akawapa viganja. Mama yake alifariki yeye akiwa ndani wiki ya tano, akapelekwa mazikoni kwa saa mbili, na pingu mkononi.

"Nisomee tena alichojibu siku ya kwanza," Weng alisema.

Hsueh alijua ukurasa bila kutafuta. "'Swali: Kwa nini ulipeleka zongzi, wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mianzi, kwenye nyumba hizi, siku mbili kabla ya Sikukuu ya Mashua? Jibu: Waulizeni wanaojua kuingia kwenye nyumba ya watu.' Baada ya hapo, vikao kumi na vinne, kimya. Kiburi kitupu."

"Inaweza kuwa jibu."

"Jibu gani? Tuna shahidi, Liao Chih-yuan. Amekula kiapo, amesaini. Anasema Ting alimletea zongzi kumi na bahasha nyekundu yenye noti ya elfu moja, akamwambia asisahau uchaguzi wa mwezi wa kumi na moja. Hao wengine kumi na mmoja wamekiri zongzi na wamekana bahasha. Watu kumi na mmoja wanaogopa, mmoja ana ujasiri. Ndivyo ninavyoona mimi."

"Bahasha nyekundu?"

"Nyekundu. Ipo hapa, kielelezo namba mbili."

Weng aliitazama kwenye mfuko wake wa plastiki. Ilikuwa nyekundu kweli, na maandishi ya dhahabu ya kutakia watu heri. Akafunga faili, akasimama.

"Nipe funguo za gari. Na wewe twende wote."

"Nina ombi la kumaliza."

"Utalimaliza tukirudi, kama bado utalitaka. Hivyo viatu vitaharibika, lakini njoo."

*

Nyumba ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya mwanamke anayeitwa Sen, aliyekuja Hewei kutoka Vietnam kuolewa miaka sita iliyopita. Walimkuta chini ya paa la mabati, ameketi kwenye kigoda mbele ya lundo la chaza, kisu kinaingia na kutoka bila yeye kukitazama. Maji ya chumvi yalitiririka mpaka kwenye viatu vya Hsueh.

Weng hakumuuliza kitu kwanza. Alisimama akautazama mlango. Karatasi nyekundu za Mwaka Mpya zilikuwa zimebanduliwa pande zote mbili, ikabaki gundi tu. Ndani, picha ya mwanamume wa makamo ilikuwa juu ya meza ndogo yenye uvumba.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Alifariki lini?"

"Mwezi wa tatu. Mashua ilizama." Sen alimwangalia Hsueh na tai yake. "Mimi nimeshasema. Polisi walisema nijibu ndiyo au hapana. Zongzi, ndiyo. Bahasha, hapana. Nimekosea?"

"Hukukosea. Leo jibu unavyotaka. Alipokuja alikuwa amevaaje?"

"Kizibao cha kampeni, kile cha kijani chenye jina kubwa. Lakini alikivua pale getini, akakitundika kwenye pikipiki. Ndani aliingia na shati la kijivu."

Hsueh aliandika. Weng alingoja kalamu itulie.

"Na hakukupa bahasha nyekundu?"

Sen aliweka kisu chini. Kwa mara ya kwanza alionekana amekasirika. "Nyekundu? Humu? Siku ile mume wangu alikuwa hata miezi mitatu hajatimiza kaburini! Mimi ni mgeni, dada, lakini si mjinga. Diwani ndiyo kabisa."

"Wewe ukampa nini?"

"Sukari. Pakiti moja. Mama mkwe alinifundisha: mtu akikuletea zongzi za msiba, unamrudishia sukari, halafu humsindikizi."

"Swali la mwisho. Unapiga kura?"

"Kwa kitambulisho gani?" Sen alicheka kidogo, akakichukua tena kisu. "Nimeomba mara mbili. Bado."

Kalamu ya Hsueh ilisimama katikati ya neno.

Waliaga wakaingia garini. Hsueh alifunga mlango, akakung'uta kiatu, akamgeukia Weng. "Nieleze kama unavyomweleza mtu wa Taipei."

"Kwa sababu ndiye wewe," Weng alisema, akawasha gari. "Nyumba yenye msiba haifungi zongzi mwaka ule. Haipiki keki za Mwaka Mpya pia, na nyekundu, rangi ya sherehe, inaondolewa hata mlangoni. Mnasherehekea nini na mtu wenu yuko kaburini? Lakini watoto wanataka kula, na marehemu naye anatakiwa apate sehemu yake mezani. Basi wengine ndio huwafungia na kuwapelekea. Wafiwa wanarudisha sukari. Hawasemi asante, maana nani anashukuru kwa jambo kama hilo?"

"Sisi tunanunua dukani."

"Najua. Kwa hiyo pakiti kumi na moja hazikuwa za kutolewa. Zilikuwa zimepokelewa."

Hsueh alitazama mabwawa mawili ya samaki yakipita dirishani. Hakuwa mpumbavu, na Weng alimheshimu kwa hilo. "Mila ni mahali pazuri pa kuficha rushwa," alisema hatimaye. "Mgombea anaweza kutafuta wafiwa mwaka wa uchaguzi, akawabebea zongzi, akahesabu kura. Wakili wa upande wa pili akinisomea hayo uliyosema, mimi nitamjibu hivyo."

"Ungemjibu vizuri. Ndiyo maana tunakwenda kwa mzee Ko."

*

Mzee Ko alikuwa kwenye baraza ya nyumba yake akirekebisha nyavu, kofia ya mpinzani wa Ting ikiwa kichwani. Si kofia tu. Ukutani kulikuwa na bendera mbili za mpinzani huyo, na kwenye pikipiki yake kulikuwa na ya tatu. Alivitazama viatu vya Hsueh kabla ya kumtazama usoni.

"Huyu ndiye aliyemfunga Yueh-o? Mbona amevaa kama anakwenda kuchumbia?"

"Mzee wangu," Weng alisema, "tumekuja kwa adabu."

"Kaeni basi. Chai ipo. Mimi siyo mtu wake, mlijue hilo kwanza. Chama changu ni kile kule tangu kabla hamjazaliwa. Hata anipe gari na dereva, kura yangu haipati."

"Lakini alikuletea zongzi."

Ko alivuta uzi wa wavu akaukaza. "Mke wangu alifariki mwezi wa kwanza. Miaka arobaini na minne. Wiki moja kabla ya sikukuu mimi nilikwenda kwenye mkutano wa Yueh-o nikampigia kelele mbele ya watu mpaka nikakauka koo. Nilimwita mwizi wa samaki. Halafu siku ile naona pikipiki yake inasimama hapa. Nikamwambia, 'Sikupigii kura.' Akaniambia, 'Sijakuomba. Sufuria iko wapi?' Akaingia jikoni mwa mke wangu, akazipasha moto, akaweka ya kwanza mbele ya picha yake. Ndipo akaondoka."

Ko alipangusa pua kwa mgongo wa mkono, bila aibu.

"Ni mwaka huu tu anafanya hivyo?" Hsueh aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwaka huu kwa sababu ya uchaguzi, ndiyo unataka kusema? Dada yangu alifiwa mwaka juzi. Kulikuwa na uchaguzi gani mwaka juzi? Alimpelekea. Mama yake alikuwa anapeleka kabla yake, kwa miguu, kikapu kichwani, na huyo Yueh-o nyuma yake hajafika hata urefu wa meza hii."

"Kwa nini hukuwaambia polisi?"

"Hawakuuliza! Walisema ndiyo au hapana. Mimi naulizwa ndiyo au hapana, najibu ndiyo au hapana. Mngetaka hadithi mngekuja na mtu wa kuomba hadithi." Akamnyooshea Weng kidole. "Kama huyu. Wewe ni wa wapi?"

"Kwetu ni mdomoni mwa mto, upande wa kaskazini."

"Niliona. Umeangalia mlango kabla ya kuniangalia mimi."

Weng alijisikia vizuri, na hakuficha. Walipitia nyumba nyingine tano kabla ya saa nane. Nyumba tano zilikuwa na picha tano juu ya meza za uvumba, kila nyumba ilirudisha pakiti moja ya sukari, na kwenye milango hapakuwa na nyekundu hata kidogo. Nne zilizobaki Weng alizipigia simu, akauliza jambo moja tu kila mahali: nani amefariki. Kila nyumba ilimtajia jina.

"Kumi na moja," Hsueh alisema, akifunga daftari.

"Sasa twende kwa mwenye ujasiri."

*

Nyumba ya Liao Chih-yuan ilikuwa ya ghorofa tatu, vigae vipya, na mlangoni karatasi nyekundu za Mwaka Mpya ziling'aa kama zimebandikwa jana. Weng alimwonyesha Hsueh kwa kidevu tu. Hsueh alikuwa ameshaziona.

Liao aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka arobaini na minane, ishirini na mmoja kati ya hiyo ameiishi Taipei, na alikuwa amerudi Hewei miaka mitatu iliyopita kufanya biashara ya kusafirisha mizigo.

"Bwana mwendesha mashtaka! Dada! Mngenipigia simu ningekuja mwenyewe. Kuna tatizo?"

"Mambo madogo ya kukamilisha faili," Weng alisema. "Zongzi zile alizokuletea zilikuwa ngapi?"

"Kumi. Zimefungwa pamoja. Na bahasha kati yake, kama nilivyosema."

"Mlizila?"

"Mimi na mke wangu. Nilisema moyoni, chakula hakina kosa, bahasha ndiyo ushahidi." Akatabasamu, kwani alilipenda sana jibu lake.

"Ukampa nini?"

"Nimpe nini? Nilimpa asante."

"Nani amefariki hapa nyumbani, mwaka jana au mwaka huu?"

Liao alimtazama kama aliyeulizwa kwa lugha nyingine. "Hakuna. Kwa nini? Hapa sote wazima, tunashukuru."

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya kizee. "Chih-yuan! Nani hao? Wamekula?"

"Hakuna mtu, Mama! Wanaondoka!"

"Tungependa kumsalimia," Weng alisema, na alikuwa tayari amesimama.

Bibi Liao alikuwa na miaka themanini na sita, mgongo umepinda, macho hayajapinda hata kidogo. Alikuwa anamenya karanga. Hsueh alijitambulisha, kisha akafanya inavyotakiwa na sheria: akamweleza kwamba yeye ni mama wa shahidi, na ana haki ya kukataa kusema jambo lolote linaloweza kumtia mwanawe matatani.

"Mimi nina haki ya kunyamaza?" Bibi alimgeukia Weng. "Kijana huyu ana mke? Amwambie hivyo mkewe aone. Uliza, mwanangu, uliza."

"Bibi," Weng alisema, "Diwani Ting aliwahi kukuletea zongzi hapa, mwaka huu, kabla ya sikukuu?"

Karanga zilisimama mkononi.

"Zongzi?"

"Ndiyo."

"Hapa? Kwangu?" Bibi aliinua mikono yake miwili akaitazama, mbele na nyuma, kama anayeikagua. "Kwani mimi nimekufa?"

"Mama," Liao alisema.

"Nimekufa mimi? Mimi nafunga zongzi mia mbili kila mwaka, kwa mikono hii, majani nachemsha mwenyewe! Mtu aje mlangoni kwangu na zongzi, anamtakia nani msiba? Ningemfukuza na ufagio mpaka hekaluni! Yueh-o afanye hivyo? Aliyefundishwa na mama yule? Nani amesema?"

Hakuna aliyejibu, kwa hiyo akapata jibu. Aligeuza kichwa polepole.

"Chih-yuan. Wewe?"

"Amesema kulikuwa na bahasha pia, Bibi," Weng alisema kwa upole. "Nyekundu."

"Nyekundu. Na zongzi za matanga." Bibi alikaa chini. Hasira ilimtoka, ikabaki aibu, na aibu ilimuuma zaidi. "Mwanangu, ulizaliwa wapi wewe?"

Liao alijaribu njia mbili. Kwanza alisema mama yake amezeeka na anasahau, na Bibi akamtajia papo hapo bei ya majani ya mianzi kwa miaka mitatu iliyopita. Kisha akasema labda zililetwa wakati Bibi amelala. Hsueh alifungua daftari.

"Bwana Liao, zililetwa nyumba hii au hazikuletwa? Uliapa mbele yangu ukasaini. Kiapo cha uongo ni kifungo kisichozidi miaka saba. Ukisahihisha sasa, kabla kesi haijaamuliwa, sheria inakupunguzia. Nakuuliza mara moja tu."

Liao alilegea kwenye kiti. Maneno yalitoka yakiwa madogo. Siku ile alikuwa garini, akaona pikipiki ya Ting ikisimama nyumba hadi nyumba, na vifurushi. Akaifuata. Akaandika nyumba kumi na moja. "Nilidhani kweli anagawa kwa ajili ya kura. Nani hubeba zongzi bure mwaka wa uchaguzi? Lakini kwa zongzi tupu hakuna atakayekamatwa. Ndiyo nikajiweka mimi wa kumi na mbili, na bahasha."

"Kwa sababu?"

"Malori yalikuwa yangu," alisema. "Yale ya masalia. Alinilalia barabarani, nikapoteza mkataba wote."

"Ungeniuliza," mama yake alisema. "Siku moja tu ungeingia jikoni ukaniuliza, 'Mama, kwa nini anapeleka zongzi pale?' Ningekwambia. Miaka ishirini na moja Taipei, ukarudi unajua bei ya kila kitu." Akasimama, akamshika mwanawe kiwiko. "Atakwenda kusaini upya. Na atakwenda amesimama wima, hajifichi uso na koti. Nitakaa naye garini mimi mwenyewe."

Mlangoni alimvuta Weng mkono.

"Mama yake Yueh-o si ndiye aliyezikwa mwezi uliopita?"

"Ndiye."

"Na mwanawe kaburini na pingu. Basi nyumba ile sasa ina msiba." Bibi alikuwa anahesabu kitu kichwani, midomo inacheza. "Mwaka Mpya ukifika hawatapika keki. Mwambie keki zake zitatoka kwangu. Na zongzi zake pia, kiangazi. Nitazileta mwenyewe kwa miguu. Akitaka kunifukuza, anifukuze."

*

Saa kumi na dakika ishirini Liao alisaini. Saa kumi na moja kasoro Hsueh aliliweka ombi lake la kurasa tatu kwenye mashine ya kukatia karatasi, akaandika jingine la nusu ukurasa: kifungo cha mahabusu kifutwe, na mtuhumiwa aachiwe mara moja wakati uamuzi wa mahakama ukisubiriwa. Kisha akasema atalipeleka mwenyewe. Viatu vyake vilikuwa vimekauka na kuacha michirizi myeupe ya chumvi, na hakuvipangusa.

Ting Yueh-o aliletwa kwenye chumba cha mahojiano amevaa suruali ya kijivu na shati la kijivu. Kwenye mkono wa shati palikuwa na kipande kidogo cha nguo ya msiba, amekishona kwa uzi kwa sababu pini haziruhusiwi. Alikaa, mgongo mbali na kiti, akangoja kikao cha kumi na sita.

"Diwani," Hsueh alisema. Alikuwa amesimama. "Niliwauliza wanaojua kuingia kwenye nyumba ya watu."

Ting alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Weng, akaelewa ni nani aliyeuliza.

"Umechelewa siku hamsini na tisa," alisema.

"Nimechelewa. Kosa ni langu, nitaliandika hivyo."

"Kwa nini hukusema?" Weng aliuliza. "Sentensi moja tu ingetosha. Mama yako alikuwa hai bado."

Uso wa Ting ulibadilika, lakini sauti haikubadilika. "Niseme nini, dada? Niwataje wafu kumi na mmoja waje kunitetea? Polisi waende kwa Sen wamuulize kama mumewe amekufa kweli, alete cheti? Nilikwenda pale bila kizibao. Nisingerudi nikiwa nimekivaa." Akagusa kile kipande cha nguo ya msiba mkononi. "Mama alijua kwa nini nimenyamaza. Alinitumia salamu kwa wakili: kaa hivyo hivyo. Hilo linanitosha."

Weng alijivunia mwanamke huyu. Alisukuma karatasi ya kusaini vitu vilivyorudishwa: simu, daftari, kizibao kimoja cha kijani, sukari pakiti kumi na moja. Ting alisoma kila mstari, kama anavyosoma bajeti ya mji.

"Hii moja imetobolewa."

"Maabara," Hsueh alisema kwa aibu. "Walitaka kujua kama ni sukari."

"Na ni sukari?"

"Ni sukari."

Hapo Ting alicheka, kicheko cha kweli, cha mtu aliyepasua chaza na wanawake wenzake. Akasaini.

"Kuna salamu," Weng alisema. "Shahidi wa kumi na mbili ni mtoto wa Bibi Liao. Bibi ndiye aliyetuambia ukweli, hata kama unamgharimu mwanawe. Anasema nyumba yako ina msiba, kwa hiyo keki zako za Mwaka Mpya zitatoka kwake, na zongzi zako kiangazi. Atazileta kwa miguu. Anasema ukitaka kumfukuza, umfukuze."

Kwa siku hamsini na tisa hakuna aliyemwona Ting Yueh-o akilia, hata kaburini. Sasa machozi yalitoka, naye hakuyafuta wala hakuinamisha kichwa. Aliyaacha yashuke mbele ya mwendesha mashtaka na askari wa mlangoni, mgongo umenyooka vile vile.

Kisha akazikusanya pakiti zile kwenye mfuko, moja moja, ile iliyotobolewa juu kabisa ili isimwagike. Alipofika mlangoni alisimama.

"Hizi ni za watu, nitatilia chai mpaka ziishe," alisema. "Bibi Liao nitamnunulia mpya. Mwambieni mlango utakuwa wazi, na sitamsindikiza."